Kitufe Kigumu

"Hii nayo kitufe chake kigumu," nikamwambia muuzaji, nikiirudisha kamera ya tatu kwenye kaunta. Nilitaka ndogo ya mfukoni, niteremke nayo mlimani kwa baiskeli na kupiga picha kwa mkono mmoja bila kusimama.

Muuzaji akakigusa kitufe tu, kamera ikapiga picha ya dari.

Mke wangu akainua macho kutoka kwenye simu. "Hebu bonyeza tena."

Kidole changu cha shahada kikatetemeka. Kovu lake la ajali ya zamani likavutika hadi likawa jeupe. Kitufe hakikushuka.

"Nipe ile nyeusi basi," nikamhimiza muuzaji, "tusikeshe hapa."

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza taratibu, "breki unashika kwa kidole kipi?"