Mafuriko ya Kifaru

Zamani, wanyama walipokuwa wakiyapa mafuriko majina, kazi hiyo ilikuwa ya Nguchiro. Mwaka ule maji yalishuka bondeni kwa kishindo, yakalichukua shimo lake pamoja na watoto wake wawili.

Kifaru, mkubwa wa bonde, akaitisha baraza. Kwa miaka mingi moshi wa matanuri yake ya mkaa kule kilimani ulikuwa umelipasha anga joto, hata mvua zikasahau kiasi.

"Yaite Mafuriko ya Bahati Mbaya," akaamuru. "Tumalize upesi, matanuri yananingoja."

"Bwana Mkubwa, jina hilo silitoi," akasema Nguchiro.

"Wee kijinyama cha shimoni! Unajua unasema na nani?"

"Nakujua sana. Kisima ulichochimba ni Kisima cha Kifaru. Njia uliyoifungua ni Njia ya Kifaru. Uliagiza mwenyewe kila kitu kichukue jina la aliyekileta. Basi haya ni Mafuriko ya Kifaru."

Kifaru akainamisha pembe. Nguchiro hakurudi nyuma. Hakuwa tena na shimo la kukimbilia.

"Nikanyage," akasema. "Wote wamekwisha kusikia."

Kisha Pimbi, mwoga kuliko wote, akauliza, "Na Mafuriko ya pili ya Kifaru yatakuja lini?"

"Matanuri yakiwashwa," akajibu Nguchiro.

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyengoja ruhusa. Wakapanda kilimani kuyabomoa matanuri, Pimbi akiwa wa kwanza, na Kifaru akabaki akiliamuru baraza tupu.