Utingo wa Mzee Kirumbi

Haya ni kweli tupu, naapa. Mzee Kirumbi, dereva wa lori mstaafu, alirudishwa mafunzoni. Akishindwa kurudi rivasi, leseni inabaki kwa mwalimu. Akapenya kinyumenyume kati ya mapipa ya mazoezi bila kutazama kioo hata mara moja.

Mwalimu, Bi Tunu, hakuridhika. Akamgeukia mke wa mzee, aliyekaa kiti cha nyuma.

“Mama, mbona unagonga mlango?”

“Pete inanibana, mwanangu.”

“Ukigonga mara moja anarudi, mara mbili anasimama. Wewe ni utingo wake. Shuka.”

Mzee akarudia bila kugongewa. Pipa likabiringika hadi miguuni pa mke wangu.

Ndiyo, wangu; mmenikamata. Nilitoa leseni, Bi Tunu akaishika, lakini ncha moja ilibaki vidoleni mwangu.