Feni Iliyonyamazishwa

"Zima hicho kinachonguruma," alisema Mzee Hamadi. "Nasaba haisomwi penye kelele."

Kilichonguruma ni feni ya kompyuta ambayo ingemrekodi. Kesho angepasuliwa koo, na daktari hakuahidi kwamba sauti ingerudi. Bintiye, Zuwena, akafungua programu ya kudhibiti feni, akaishusha mpaka sifuri. Chumba kikawa kimya.

"Tayari, baba."

Mzee akaanza kuwataja wazee wao, fulani bin fulani, kwa sauti ya kukwaruza. Nasaba yao ikikatizwa husomwa upya toka mwanzo, naye pumzi ya kusoma mara mbili hakuwa nayo.

Kwenye kioo cha kompyuta, joto lake likapanda kwa kukosa feni: nyuzi sabini na nane, themanini na sita. Likifika mia, kompyuta itajizima yenyewe na rekodi yote itapotea. Zuwena akashika kipanya, akakiachia. Feni ikinguruma tu, baba atanyamaza.

Tisini na nne.

Mzee alipofika kwa babu wa tisa alisita, akafumba macho kulitafuta jina linalofuata.

Tisini na nane.

Zuwena akainama, akaanza kuipuliza kompyuta kwa mdomo, polepole, asije akasikika.