Shanta la Florian

Florian aliingia mlangoni ubavuubavu. Shanta lilikuwa mgongoni, na hakutaka liguse mwimo.

"Lioneni," alisema Petronila, wala hakunyanyuka kwenye kigoda. "Limetumwa mbali, limerudi linatembea kama kaa."

Sebule ikacheka. Walikuwa wanajumuiya, wamejazana kwenye mabenchi hapo mtaa wa Kitaji kusali rozari ya shukrani. Walikuwa wanamshukuru Mungu kwa ajili ya Masatu, mtoto pekee wa Petronila, aliyekuwa Bangkok. Na kabla hata ya tendo la pili la rozari, badala ya Masatu katokea huyu, yatima wa dada yake, aliyemlea kwa ugali wake mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na kila kijana wa Musoma alikuwa na neno la kusema juu ya Bangkok. Masatu na Florian waliwaonaga vijana wa Kizungu pale mwaloni Mwigobero, mashanta mgongoni, wanatembea tu kati ya mafungu ya dagaa, hawana shughuli. Masatu akasema na wao wataenda hivyo hivyo. Kwanza waione dunia, jinzi za kuuza zitafuata. Petronila akauza mashine ya boti ya marehemu mume wake. Siku ya kuondoka aliwaombea wote wawili, kisha akamshika Florian sikio.

"Wewe ndiye mkubwa. Usirudi hapa bila yeye."

Baadaye ikafika salamu moja tu, kwa mdomo wa mfanyabiashara wa Mwanza: Masatu anasema mji ni mtamu, hataki kuondoka. Tangu hapo Petronila alikuwa akipita kwa majirani shingo imenyooka.

"Haya, sema," alisema sasa. "Mwenzako umemwacha wapi?"

"Mama, nilitaka tuongee wawili."

"Ongea hapa hapa. Hawa ni jumuiya yangu. Au unaona aibu kusema mji umekushinda?"

Florian akakaa ukingoni mwa benchi, akaliachia shanta nafasi nyuma yake. Alikuwa amekonda. Viatu vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya katani.

"Mwanangu anaendeleaje?"

"Ametulia, Mama."

"Mmesikia?" Petronila akawageukia wenzake. "Ametulia. Mwenye akili akifika mahali anatulia. Hili lilikuwaga hivi hivi tangu utoto, unalipeleka shule, linarudi kabla ya kengele."

"Hasumbuki tena," alisema Florian, akiangalia sakafu.

"Atasumbuka na nini, Bangkok?" akadakia Mama Boke, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Na wewe umefika lini?"

"Tulishuka Mwanza jana. Leo asubuhi tukapanda gari."

"Wewe na nani?"

"Mimi na huyu." Akapapasa mkanda wa shanta begani.

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko cha kweli.

"Jamani! Mfuko anauita *huyu*!" Mama Boke alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kiswahili cha kwetu huku tunajua ni kibovu, lakini wewe umekipeleka Bangkok kukimalizia kabisa!"

Hata Isidori, katekista, mtu wa heshima zake, alikificha kicheko ndani ya kikohozi.

Petronila hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa sala, na dharau yake aliitoa taratibu, kama mtu anayetoa sadaka. Akaagiza kijana apewe chai, asije akatangaza mjini kwamba amenyimwa. Florian alipokea kikombe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umepita nyuma, umelishikilia shanta kwa chini.

Mama Boke aliliona hilo. "Mbembeleze, baba, asije akalia!"

Benchi zima likayumba kwa kucheka. Florian akakiweka kikombe chini bila kuonja.

"Ametutumia nini mwanangu?" aliuliza Petronila.

Florian akausogeza mkono zaidi chini ya shanta.

"Nauliza, humo ndani kuna nini? Mtoto wangu hawezi kukaa nchi ya watu asimkumbuke mama yake."

"Mama, nakuomba, tuingie chumbani."

"Nilijua!" Akapiga magoti yake kwa viganja. "Limeiba! Mwenzake kampa mzigo alete nyumbani, limekuja limeukumbatia kama wake! Haya, vua hilo dude. Litupe hapo chini, mbele ya mashahidi, kila mtu alione. Halafu uende. Kitanda chako nimekwisha kukitoa."

"Chini siwezi kumtupa, Mama."

Mama Boke peke yake alicheka, na hakumaliza.

Petronila alisimama. Alivuka sebule, rozari ikining'inia kidoleni, akaukamata mkanda wa shanta na kuuvuta kwa nguvu.

"Polepole!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Florian akipaza sauti, tangu utoto wake. Petronila akaachia. Akarudi nyuma hadi kwenye kigoda, akakaa.

Florian akajifungua mikanda mwenyewe, mmoja mmoja, kisha akapiga magoti mbele yake. Hakuingiza mkono kutafuta. Alijua kilipo. Akatoa kijungu cha udongo chenye kifuniko, kimefungwa kwa kipande cha shati la buluu, lile alilolishona Petronila mwenyewe kwa ajili ya safari. Akakiweka mapajani mwa Petronila kwa mikono miwili.

"Ilikuwa homa, Mama. Na watu wa kule hawaziki, wanachoma." Alikuwa bado ameshikilia kijungu kwa chini, kisianguke. "Na wewe uliniambia nisirudi bila yeye."