Nyani na Joto la Kobe

Nyani alibaki peke yake baada ya kundi lake kuhamia ng'ambo ya mto, basi akamfuga Kobe ili apate wa kuzungumza naye. Akamjengea kizimba cha fito na kukiezeka nyasi nzito.

Kipupwe kilipoingia, Kobe aliacha kula. Nyani akapasha jiwe motoni na kulisukuma chini yake. Baada ya muda akakuta gamba la tumbo limeungua, na mgongo bado ni baridi.

"Mbona hukusogea?" akauliza.

"Sikuhisi. Sisi kobe joto letu hutoka juu, ndugu yangu. Nibomolee kizimba hiki niote jua, uniachie na kivuli pembeni. Nitachagua mwenyewe."

Nyani alilijua hilo tangu mwanzo. "Nikikibomoa, utakwenda zako."

"Huenda. Lakini nikikaa hivi nitakufa, na bado utabaki peke yako."

Nyani akakibomoa kizimba. Kobe akaota jua mpaka miguu ikachangamka, akala majani, kisha akasema, "Ahsante. Sasa nina nguvu za kurudi kwetu."

"Nilidhani hapa ndipo kwenu."

Kobe akageukia uwandani. Akaanza kutembea.

Hatua tatu za Nyani zingetosha kumrudisha. Lakini alikaa tu, mikono mapajani, akamtazama akivuka uwanda polepole hadi alasiri, alipopotea majanini.

Hekaya yetu inawaacha hapo: mfugaji peke yake, na mfugwa yu hai.