Mate ya Kijidudu na Unga wa Nguchiro

Zamani, vijidudu walipokuwa bado na midomo ya kujisifu, mmoja wao alijipenyeza tumboni mwa ndama wa Nyati. Akatema mate kidogo tu, na tumbo zima likaanza kumtumikia: likamfungulia milango, likampakulia chakula, na ndama akabaki mifupa.

Nyati akamwita Nguchiro, mganga. Nguchiro alikuwa na kapu la majani, ila hakujua jani lipi lingeyashinda mate yale, na lisilofaa lingemmaliza mtoto. Basi akakanda unga wa mandazi kwa hamira.

"Mwanangu anakufa, wewe unafungua mgahawa?" Nyati akalia.

"Tulia, mama." Unga ulipoumuka, Nguchiro akainama kwenye mdomo wa ndama. "We Kijidudu! Kumwonea mtoto ni kazi? Hamira ya unga huu huiwezi!"

"Nani, mimi?" Kijidudu akachomoza, akautemea unga mate. Unga ukanywea palepale. "Umeona, bwana mganga? Ndama na hamira, makomeo ya milango yao ni yaleyale, na mate yangu huyafungua yote!"

"Ahsante, ndilo nililotaka kujua."

Nguchiro akaukata unga madonge, kila donge akalitia jani lake. Yote yakalala bapa kama chapati, isipokuwa moja, lililoumuka tena na kuvimba mashavu kana kwamba halijatemewa mate. Jani lile ndilo alilompa ndama, na kufikia jioni ndama alikuwa akimgonga mama yake kwa kichwa akidai maziwa.

Kijidudu alitoka bila kuaga, na tangu hapo kizazi chake hakisemi neno. Nguchiro naye, akiitwa kwa mgonjwa, huuliza kwanza kama nyumbani kuna unga.