Kuni Uani kwa Fundi Lwitiko

Lwitiko aliziona kuni kwanza. Halafu miguu.

Miguu kibao, imejaa matope ya ziwa, inaingia uani kwake bila hodi. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya mtumbwi mkuukuu, ule aliokuwa ameupindua juu ya mawe mawili ili auzibe matundu. Chini palikuwa na uwazi wa kiganja kimoja, na kwa uwazi huo aliona kila kinachotokea chini ya magoti ya watu. Mzigo wa kuni ukatupwa, puu! Ukafuata mwingine. Jembe likaegemezwa. Panga likachomekwa ardhini. Kisha dumu la njano likawekwa karibu kabisa na pua yake, na harufu ikampiga.

Mafuta ya taa.

Vifaa hivyo alivijua. Mwaka juzi mwizi wa nyavu alikamatwa hapo hapo mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Rukwa, na watu walianza hivi hivi: kuni, dumu, kiberiti. Polisi walipofika, kilichobaki ni kandambili moja.

Na yule aliiba nyavu tu.

Lwitiko alikuwa ameunda boti. Mbao nzuri kabisa za Ileje, isipokuwa ubao mmoja wa chini, ulikuwa na ufa. Alijua. Akaujaza pamba na lami, akapaka rangi ya bluu mara mbili, ikang'aa, akaikabidhi. Tatizo ni desturi ya mwalo ule: boti mpya haiingii ziwani bila fundi wake ndani. Kwa hiyo asubuhi hiyo, watu wamejaa ufukweni wanapiga vigelegele, akapanda. Yeye, tajiri Yusuf wa Tunduma mwenye boti, na Danieli, mdogo wa mkewe Frida.

Walipoyazunguka matete tu, wa ufukweni wasiwaone tena, akashika tumbo.

"Shemeji, ni tumbo au ni roho?" Danieli akamcheka. "Unakiogopa chombo chako mwenyewe?"

"Mwache akachimbe dawa," Yusuf akasema. "Twende sisi. Samaki hawamsubiri mtu anayeharisha."

Akashuka, maji ya magoti, akashika njia ya porini. Alipofika kilimani akageuka. Boti ilikuwa imeinua pua juu, nyuma haionekani. Akafuta jasho machoni. Alipotazama tena, haipo.

Alikimbia mpaka nyumbani, akamweleza Frida yote, anahema, maneno yanagongana. Ufa. Lami. Matete. Boti. Frida aliuliza kitu kimoja tu.

"Danieli ulimwambia ashuke?"

Lwitiko akageukia mlango. Kelele zilikuwa zimeshaanza kupanda kutoka mwaloni. Akazima simu isije ikalia, akajipenyeza chini ya mtumbwi.

Na sasa, jua likiwa limeshapinda, walikuwa wamefika.

"Mpigie tena," sauti ya mwanamke ikasema.

"Nimepiga mara saba, mama. Haipatikani."

"Piga ya nane, inakugharimu nini?"

Vitufe vikalia. "Haipatikani."

Lwitiko akauma kiganja chake. Jasho lilikuwa linaingia mdomoni, ana kiu, na hathubutu hata kumeza mate. Siafu mmoja akaanza kumpanda shingoni. Akamwacha apande.

"Moto tuwashe wapi?"

"Hapo hapo karibu na mtumbwi. Panakinga upepo."

"Tusubiri watu wa Msangano kwanza, wanakuja na pikipiki. Wakifika wote ndio tuanze."

Mtu akaanza kupasua kuni. Tah! Tah! Kila pigo lilimwingia Lwitiko mbavuni. Akajaribu kusali, sala ikakatikia njiani, akaianza upya, ikakatika. Kisha akahisi joto likimtambaa mapajani, akajua kwamba amejikojolea, mtu mzima, fundi wa watu.

"Frida yuko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Osward, mwenyekiti wa mwalo.

Mlango ukalia. Miguu ya Frida ikatoka, peku, ikaja taratibu mpaka katikati ya uwanja. Lwitiko akaitazama miguu ile kuliko alivyowahi kuitazama tangu amwoe. Neno moja tu la mwanamke huyu. Hata neno si lazima. Akinyoosha kidole, basi.

"Dada, kaa chini kwanza," Osward akasema.

"Niambieni nikiwa nimesimama."

Osward akakohoa. "Danieli tumemwopoa. Na tajiri Yusuf pia. Tumechelewa, dada. Wote wawili wamekwisha kufa."

Miguu ya Frida haikusogea. Kidole gumba kimoja tu kilikuwa kinachimba mchanga.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu mumeo." Sauti ya mzee ikapasuka. "Tumezamia mpaka mamba wametufukuza. Lwitiko wetu ziwa bado halijamtoa. Tutarudi tena kumtafuta, ila kwa sasa tumekuja kulia na wewe. Tuambie tu, msiba tuuweke wapi?"

Pale chini Lwitiko alisahau hata kupumua.

Miguu ya Frida ikageuka. Ikatembea hatua sita, ikasimama mbele ya uwazi ule, karibu na uso wake kiasi kwamba angeweza kuigusa. Kisha mtumbwi ukalia. Frida alikuwa amekaa juu yake.

"Hapa," alisema. "Na mtumbwi huu asiuguse mtu mpaka siku ya kuanua matanga."

Halafu akajishika kichwa, akaanza kumlilia mumewe kwa jina.